Mkuu wa Operesheni Asimame

Hapo zamani za kale, siku zile wanyama walipokuwa wakikandika nyumba, wakichemsha chai asubuhi na kupeana vyeo, palikuwa na bonde liitwalo Rumwa. Katikati ya bonde ulipita mto, na katikati ya mto palikuwa na kisiwa. Msiniulize bonde hilo liko upande gani. Mimi nawasimulia yaliyotokea, njia ya kwenda mtaitafuta wenyewe.

Kisiwani waliishi wanyama wadogo wadogo wasiopenda makuu: kina panya, kina kanga, na Bi Nguchiro. Kama kuna mtu hapa hajapata kumwona nguchiro, ni mnyama mwenye miguu mifupi, mkia mrefu na macho yasiyotulia mahali pamoja. Bi Nguchiro alikuwa mjane. Alikaa ndani ya kichuguu kilichofagiliwa vizuri, yeye na watoto wake na mama mkwe wake, ambaye kila mtu alimwita Bibi, na ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akimsifu mtu.

Kiangazi kimoja, mto ulipokauka kiasi cha kuvukwa kwa miguu, Bi Nguchiro alivuka kwenda gulioni kutafuta chumvi. Akamwambia Bibi, "Nakwenda narudi." Alipoondoka tu, fisi wakavuka kuingia kisiwani kwa njia ile ile. Kundi zima, na mizoga yao wakiiburuta. Wakapiga kambi, wakajenga jiko. Halafu mvua ikanyesha huko milimani, mto ukajaa hadi ukawa unanguruma, na Bi Nguchiro akabaki ng'ambo na kifuko chake cha chumvi.

Fisi hawakuwala wenyeji palepale. Fisi nao wana utaratibu wao. Walimwambia Bibi kwa heshima zote kwamba watamaliza kwanza nyama waliyokuja nayo, kisha wataanza na wenyeji, watoto kabla ya wazee, kwa sababu watoto wanalainika haraka. Njiwa mmoja aliyasikia hayo akaruka kumweleza Bi Nguchiro.

Tangu siku hiyo Bi Nguchiro alisimama ukingoni kila asubuhi akiangalia moshi wa jiko la fisi. Moshi ukiwa mzito, nyama ingalipo na watoto wangali hai. Lakini moshi ulikuwa ukipungua, na yeye alikuwa akikonda.

Msidhani bonde halikuwa na jeshi. Lilikuwa nalo, tena zaidi ya moja. Nchi kavu ilikuwa chini ya Jenerali Nyati, mwenye kifua kipana na hasira za karibu. Majini alikuwako Kamanda Kiboko, ambaye alisema maneno machache kwa sababu kufungua ule mdomo kulikuwa kazi. Na angani alitawala Afande Tai, aliyeona kila kitu na kumkumbusha kila mtu kwamba anaona kila kitu. Kila mmoja alikuwa na kambi yake, ngoma yake na mpishi wake, na kila mmoja aliamini hao wawili wengine wamewekwa pale kwa ajili ya gwaride tu.

Mfalme Tembo alipopata habari za kisiwa aliwaita wote, akasema, "Kirudisheni. Nendeni pamoja." Akarudi zake kuoga. Tembo hakupenda kusema jambo mara mbili. Shida ni kwamba katika ile mara moja, hakusema nani ataongoza.

Basi wakaenda kila mtu na lake.

Nyati wakaenda kwanza. Walijitosa mtoni, chubwi, chubwi, kikosi kizima, maji yakawabeba. Walitokea mbali huko chini, wamepakaa tope hadi masikioni. Jenerali Nyati akamwambia Mfalme kwamba wamefanya ukaguzi wa mto, na mto uko imara.

Viboko wakaenda pili. Hao walifika kisiwani bila taabu. Wakapanda ufukweni, wakaona majani mabichi, wakala, wakashiba, wakarudi. Kamanda Kiboko akasema kisiwa kimekaliwa na viboko kwa muda mfupi kwa mafanikio makubwa.

Tai akaenda mwisho na ndege wake. Wakazunguka juu, wakatazama, wakarudi. Akatoa taarifa kwamba hali si ya kutisha, kwani kutoka kule juu fisi ni wadogo sana.

Tembo akasema, "Nilisema pamoja." Na hiyo ilikuwa mara ya pili, kwa hiyo wote wakaogopa.

Ukaitishwa mkutano kwenye banda kubwa karibu na mto. Banda likatobolewa milango zaidi ili wakubwa wasipite mlango mmoja na kubishana nani atangulie. Vikaletwa viti vya urefu sawa. Ikabaki chai. Nyati hakutaka chai ya mpishi wa Kiboko, Kiboko hakutaka chai ya mpishi wa Tai, na Tai hakutaka chai ya mpishi yeyote ambaye hakumwona tangu anateka maji. Akatafutwa mtu asiye na jeshi. Bi Nguchiro, ambaye hakuwa na pa kwenda, akasema, "Mimi nitapika." Alitaka awe karibu asikie watamwokolea lini watoto wake.

Sasa sikilizeni desturi ya bonde lile, maana bila hiyo hamtaelewa ujinga uliofuata. Katika majeshi ya Rumwa mdogo ndiye anayemwamkia mkubwa. Anasema shikamoo, mkubwa anaitika marahaba, na tangu hapo imejulikana nani atatoa amri na nani atapokea. Na mkutano haufunguliwi kabla watu hawajaamkiana. Hiyo itakuwa kukosa adabu.

Wakubwa wakaingia, kila mtu na mlango wake. Wakaketi. Wakanyamaza.

Nyati alimtazama Kiboko. Kiboko alitazama paa. Tai aliwatazama wote wawili, na alipomaliza akaanza upya. Jua likapanda. Nzi mmoja akatua juu ya pua ya Nyati, akatembea, akachoka, akaondoka. Hakuna aliyefungua mdomo.

Bi Nguchiro akaingia na sinia. "Shikamoo, Jenerali. Shikamoo, Kamanda. Shikamoo, Afande."

"Marahaba," wakaitika wote kwa pamoja, kwa sauti za watu waliokaa muda mrefu bila kuamkiwa.

Kiboko akavuta kikombe. Bila kumtazama mtu akasema, "Wewe mama. Mwambie huyo mwenye pembe avute kiti chake huko, ananibana."

Bi Nguchiro akageuka. "Jenerali, Kamanda anauliza kama umekaa vizuri."

Nyati alishangaa kidogo. Akakohoa. "Mwambie nimekaa vizuri kuliko yeye."

"Kamanda, Jenerali anashukuru. Anasema amekaa vizuri, tena anakusogezea nafasi."

Kiboko akaguna, na guno lile halikuwa baya. Nyati, kwa kuwa alikuwa ameulizwa hali yake kiungwana, akasogeza kiti.

Bi Nguchiro alisimama na sinia mikononi akitafakari. Wale wakubwa walikuwa wamekaa hatua chache tu, kila mmoja alimsikia mwenzake vizuri kabisa, lakini walikubaliana kutosikiana, kwa sababu kusikia bila kuamkiwa nako ni kujishusha. Neno lililopita kwake ndilo pekee lililohesabika kuwa limesemwa.

Mchana mkutano uliahirishwa, chai ikiwa imeisha na kisiwa hakijatajwa.

Asubuhi iliyofuata moshi wa fisi ulikuwa mwembamba kama uzi. Bi Nguchiro alikaa chini pale ukingoni, akalia kidogo, kisha akajifuta uso kwa mkia. Alijua sheria ya bonde: anayetoa amri ya uongo kwa jina la mkuu hufukuzwa Rumwa, yeye na kizazi chake. Akafikiri kwamba kizazi chake kilikuwa njiani kuliwa hata hivyo. Akainuka, akaenda kwa Nyati.

Alimkuta Jenerali akinoa pembe kwenye jiwe, kwaru, kwaru.

"Shikamoo, Jenerali. Nina habari ya siri. Wenzako wamekubali uwe mkuu wa operesheni nzima."

Nyati aliacha kunoa. "Nilijua watafika hapo."

"Ila wanaona haya. Wanaomba usiwatajie mbele ya watu, na amri zako zipitie kwangu, ili askari wao wasiwadharau."

"Ni haki yao," akasema Nyati kwa upole usio wa kawaida yake. "Mtu akishindwa asisimangwe. Sasa waambie amri yangu ya kwanza. Viboko wote waje nchi kavu, wapange mstari nyuma ya nyati, tuvuke."

"Vizuri, Jenerali. Na mkuu wa operesheni atavuka kwa kuogelea?"

Nyati alikumbuka tope la masikioni. "Unashauri nini?"

"Mimi ni mpishi, sishauri. Ninauliza tu kama inafaa mkuu alowe miguu, na hao viboko wapo, wana migongo mipana, hawana kazi."

Nyati alifikiri, na kufikiri kwake kulionekana kwa nje. "Amri yangu ya kwanza nimeibadilisha. Viboko wajipange mtoni, mgongo kwa mgongo, kutoka ukingo huu hadi kisiwani. Mimi na kikosi changu tutapita juu yao."

"Jenerali, una akili."

"Nenda ukawaambie. Kwa upole."

Akaenda kwa Kiboko. Huyu alikuwa kwenye maji hadi puani, na hakuwa mwepesi kudanganywa kama Nyati, kwa sababu alikuwa mvivu hata wa kufurahi.

"Nyati amekubali niwe mkuu?" akauliza. "Kwa mdomo wake?"

"Kamanda, mdomo wake haukukataa hata kidogo."

"Hm. Na Tai?"

"Tai ndiyo kwanza anajiandaa kutii."

Kiboko alitoa povu. "Basi nataka watu wangu wasichoke. Mkuu hakimbii. Mkuu anasimama, wengine ndio wanakimbia."

"Ndivyo nilivyowaeleza. Ninyi mtasimama kwenye maji yenu, mmetulia, mstari mmoja hadi kisiwani. Nyati ndio watakwenda kupigana na kutoka jasho."

"Watapita wapi?"

"Kwenye migongo yenu, Kamanda."

Yale macho madogo yakafunguka. "Wanikanyage?"

Bi Nguchiro aliuma ulimi. Hapo palikuwa pagumu, na alijua akisita atakuwa amekwisha.

"Ni gwaride, Kamanda. Kikosi kinapokwenda vitani lazima kipite mbele ya mkuu wake kikaguliwe. Sasa majini hakuna mbele. Kuna juu na chini. Ungependa wapite chini?"

Kiboko alizama. Alikaa chini ya maji muda mrefu, mapovu yakipanda moja moja. Alipoibuka alisema, "Wanawe miguu kwanza."

"Nitawaamrisha."

Ikabaki kwa Tai. Huyo Bi Nguchiro alimwogopa kweli. Alipanda hadi kwenye mwamba wake, akihema, na kabla hajaamkia Tai alisema, "Nimekuona ukitoka kwa Nyati. Kisha nimekuona ukitoka kwa Kiboko."

"Shikamoo, Afande. Ndiyo. Nilikwenda kuwaandaa wapokee amri yako."

"Sijatoa amri."

"Ndiyo maana nimekuja kuichukua."

Tai alimtazama kwa jicho la kulia. Kisha kwa la kushoto. "Kwa hiyo wamenikubali."

"Afande, nani mwingine anaona vita vyote kwa mara moja? Nyati anaona mkia wa mwenzake aliye mbele. Kiboko anaona maji. Wamesema wenyewe hawatasogea hata unyayo kabla wewe hujaanzisha." Na hilo la kutosogea, wanangu, ndilo pekee lililokuwa kweli siku ile, maana mpango wote ulisimama hapo.

"Nianzishe vipi?"

"Afande anajua."

"Najua," akasema Tai. "Lakini nataka kusikia kama na wewe unajua."

"Nadhani Afande atawachukua ndege wake, kila mmoja na mfupa mkubwa, wakaiangushe kwenye ncha ya kisiwa, kule juu mto unakotokea. Fisi wakisikia mifupa inaanguka hawabaki jikoni. Wakishakimbilia huko, viboko wanajipanga huku chini, nyati wanavuka. Lakini mimi ni mpishi."

"Ndivyo nilivyopanga," akasema Tai, na nina hakika wakati anasema alikuwa ameshaamini.

Kesho yake asubuhi moshi haukupanda kabisa. Bi Nguchiro alitazama kisiwa, akaona anga tupu. Lakini ndege walikuwa wameshapaa. Giza dogo likapita juu ya mto, kisha mifupa ikaanza kudondoka huko nchani, puu, puu, puu, na kelele za fisi zikasikika zikihamia upande ule. Walikuwa wameshapanga kuni mpya, wameshaweka sufuria. Waliacha vyote.

Viboko wakajipanga. Mgongo, mgongo, mgongo, hadi kisiwani, daraja ambalo hata leo nikilifikiria nalionea wivu. Kamanda Kiboko mwenyewe alichukua nafasi ya kwanza, karibu na ukingo, kichwa juu, akingoja ukaguzi wa kikosi uanze.

Nyati wakashuka ukingoni, miguu imenawishwa. Jenerali mbele. Akasimama mbele ya Kiboko.

Wakatazamana.

Nyati alikuwa mkuu wa operesheni, kwa hiyo alingoja kuamkiwa. Kiboko alikuwa mkuu wa operesheni, kwa hiyo naye alingoja. Nyati alipandisha kidevu. Kiboko alipandisha pua. Nyuma yao jeshi lote likasimama, na ng'ambo mifupa ikaendelea kuanguka, lakini sasa mmoja mmoja, kwa sababu mifupa nayo huisha.

"Jenerali," Bi Nguchiro akanong'ona, "muda."

"Namngoja huyu," akasema Nyati bila kusogeza midomo.

"Kamanda," akanong'ona upande wa pili.

"Namngoja huyu," akasema Kiboko.

Bi Nguchiro alitafuta uongo mwingine, akakuta umemwishia. Alitafuta kila pembe ya kichwa chake, na kichwani mlikuwa na sura za watoto wake tu. Akaona huko kisiwani fisi mmoja akirudi jikoni, mnene, hana haraka, akipangusa mdomo.

Hakungoja tena. Aliruka juu ya pua ya Kamanda Kiboko, kutoka hapo kichwani, kutoka hapo mgongoni, na akakimbia, tapu tapu tapu, juu ya mstari mzima wa viboko, peke yake, na kifuko chake cha chumvi kikimpigapiga shingoni. Hakuwa na silaha wala mpango. Alikuwa anakwenda kwa watoto wake, basi.

Jenerali Nyati aliona jambo ambalo hajapata kuliona maishani: operesheni yake imeanza, na aliye mbele ni mpishi wa chai.

"Haiwezekani," akasema.

Akapanda. Askari wake walipomwona amepanda, wakapanda. Kwata, kwata, kwata, nyati baada ya nyati. Kamanda Kiboko alipokanyagwa na wa kwanza alivumilia, akijisemea kwamba hatimaye gwaride limeanza, ingawa limeanza vibaya.

Yule fisi mnene alikuwa ameshaingiza mkono kwenye kichuguu. Bi Nguchiro alimrukia kisigino akaking'ata, na fisi akageuka kuangalia ni mdudu gani. Hakuangalia muda mrefu. Nyuma ya yule mdudu palikuwa na Jenerali Nyati, na nyuma ya Jenerali palikuwa na vumbi jingi lenye pembe.

Vita vyenyewe sina haja ya kuvisimulia, vilikuwa vifupi. Fisi walijitupa mtoni kwa upande ule mwingine, mto ukawachukua, na nasikia hadi leo huko chini wanapoishi hawataki kusikia habari za mifupa inayotoka mbinguni.

Bi Nguchiro aliingia kichuguuni kwa tumbo. Watoto walikuwa wamesukumwa ndani kabisa, wamejikunyata, na Bibi amekaa mbele yao ameziba njia kwa mwili wake. Mkononi alikuwa ameshika mwiko.

"Umechelewa," akasema Bibi.

"Kulikuwa na mkutano, mama."

"Chumvi umeleta?"

Bi Nguchiro alimpa chumvi. Kisha akawashika watoto wake wote kwa pamoja, akawanusa mmoja mmoja, akalia kwa sauti, na Bibi akajifanya anapekua kifuko.

Siku ya kushangilia, Tembo alikaa kwenye uwanja wa mbele ya jumba lake, bonde lote limejaa. Akapewa maji, akanywa, akasema, "Kazi imefanyika vizuri, na imefanyika pamoja. Mkuu wa operesheni asimame nimpongeze."

Nyati akasimama. Kiboko akasimama. Tai akasimama.

Nyati aliwatazama wenzake akingoja wagundue wamekosea wakae. Kiboko naye alingoja. Tai aliyeona kila kitu aliangalia huku, akaangalia kule, na taratibu kichwa chake kikageuka hadi mahali alipokaa Bi Nguchiro na watoto wake mapajani.

Vichwa vingine vikafuata.

"Naona kuna jambo," akasema Tembo. "Bi Nguchiro, njoo mbele."

Alikwenda. Watoto walimfuata wameshika mkia wake, hawakutaka tena kuachwa nyuma. Bibi naye akainuka akaja, hakuitwa na mtu.

"Ni kweli kwamba amri zote zilipita kwako?"

"Ni kweli, Mfalme."

"Na sheria ya anayetoa amri ya uongo unaijua?"

"Naijua. Kufukuzwa, yeye na kizazi chake." Aliwaza njia za kutoka Rumwa, na kwamba hakuna hata moja anayoifahamu.

Tembo alitikisa masikio. Alikuwa mzee, lakini akili yake haikuwa imezeeka. "Sheria yetu inataka mlalamikaji. Basi na ajitokeze yule aliyedanganywa. Aje hapa mbele ya bonde zima, aseme: mimi niliambiwa ni mkuu, nikaamini, kumbe sikuwa, kumbe nilikuwa natekeleza amri za wenzangu. Akishasema hivyo, huyu mama ataondoka leo leo."

Jenerali Nyati alifungua mdomo. Akaona askari wake wanamtazama. Akaufunga.

Kamanda Kiboko alitazama kule mtoni, kwa hamu kubwa.

Tai alijinyoosha bawa moja ambalo halikuwa na shida yoyote.

"Jenerali?" akauliza Tembo.

"Mimi sikudanganywa," akasema Nyati. "Huyu mama alikuwa mjumbe wangu. Nilimtuma mwenyewe."

"Alikuwa mjumbe wangu," akasema Kiboko.

"Nilimwona tangu mwanzo," akasema Tai. "Nilimwacha makusudi. Ni wangu."

"Kwa hiyo wote hamna malalamiko."

"Hatuna," wakasema, na ukiacha ile marahaba, hilo ndilo neno pekee ambalo majeshi ya Rumwa yaliwahi kulitamka kwa pamoja.

Tembo alimwambia Bi Nguchiro aende nyumbani. Hakuambiwa mara mbili. Aliwakusanya watoto, akamshika Bibi mkono, wakashuka hadi mtoni. Viboko walikuwa wamejipanga wenyewe kuwavusha, bila kungoja amri ya mtu. Katikati ya mto Bibi alisema, akiwa anaangalia mbele, kwamba ile chumvi si mbaya.

Nanyi, wanangu, chukueni hili moja: watu wakishughulika kugombea nani mkuu, hawana muda wa kuangalia amri zinatoka kwa nani.